Upepo Hupoza Bahari, Bahari Huita Mvua



Mwezi huu tumepokea barua ya kijana mmoja wa mkoa wa Tanga, nayo yastahili jibu refu kuliko tulivyozoea. Atwambia kwamba nyumba yao iko bondeni, hatua chache tu kutoka mtoni, na shamba lao la mahindi liko kando ya mto huo huo. Mwaka mmoja ilitangazwa katika redio ya kwamba mvua za vuli zitapita kiasi, kwa kuwa bahari imeongezeka joto upande wetu. Baba yake akataka kuyahamisha magunia ya nafaka na kuwapeleka watoto wadogo kwa shangazi yao, mlimani. Lakini babu, ambaye katika ujana wake alikuwa baharia wa majahazi, hakukubali. Alisema: "Mimi nimezijua pepo kabla baba yako hajazaliwa. Vuli hailetwi na joto la bahari. Yaletwa na pepo zikigeuka. Na kiasi cha mvua ni siri ya Mola. Nani amempa habari mtu wa redio?" Mjukuu akajibu kwamba habari za pepo ni za kale, na siku hizi wataalamu hutazama joto la maji. Maneno yakawa mazito, hata baba asiweze kufanya lolote, maana hakutaka kumvunjia heshima mzazi wake. Mvua zikaja, maji yakaingia ndani, na nafaka yote ikaoza. Alhamdulillahi, watu walisalimika.

Sasa kijana auliza: kati ya babu na yeye, ni nani aliyesema kweli? Na je, tangazo kama lile likija tena, yafaa kulifuata?

Jibu letu la kwanza ni hili: babu na mjukuu walibishana juu ya kitu kimoja bila ya kujua. Joto la bahari alilolitaja mjukuu, kwa sehemu kubwa ni kazi ya pepo alizozijua babu. Na pepo alizozijua babu nazo huongozwa na joto la bahari. Tukiyafahamu hayo mawili pamoja, jibu la swali la pili litakuwa jepesi.

Elimu ya babu

Tuanze na mzee, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Neno letu "msimu", ambalo wazee wengi hulitamka "musimu", asili yake ni neno la Kiarabu "mausim", yaani wakati maalumu wa mwaka. Neno hilo hilo ndilo walilolichukua Wazungu kuziita pepo za Bahari ya Hindi. Katika karne ya 15 nahodha mashuhuri Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba ya Uajemi, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya usafiri wa baharini, na ndani yake akaeleza nyakati zifaazo kung'oa nanga katika bandari mbalimbali, kwa kuzifuata pepo. Basi mtu asemaye kwamba habari za pepo ni za kale asema kweli, lakini asidhani kwamba kwa kuwa ni za kale zimekwisha kazi yake.

Kwetu sisi kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, ikitoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hata Septemba, ikitoka kusini. Baina ya hizo mbili kuna kipindi cha pepo dhaifu zigeukazo huku na huku, ambacho mabaharia walikiita malelezi. Mvua zetu kubwa, masika na vuli, huja katika nyakati hizo za kugeuka. Kwa hiyo babu aliposema kwamba vuli huja pepo zikigeuka, hakukosea hata kidogo.

Walakini hilo latwambia ni lini mvua itakuja. Halitwambii itakuwa kiasi gani. Kwani kusi hugeuka kila mwaka, na kaskazi huja kila mwaka, lakini vuli moja hujaza mito na vuli nyingine haijazi hata mtungi. Tofauti hiyo yatoka wapi? Hapo ndipo ituingiapo habari ya joto la bahari.

Malai juu ya maziwa

Mtu aitazamapo bahari kutoka ufukweni huiona kuwa ni kitu kimoja, juu hata chini. Kwa kweli katika nchi za joto, zilizo karibu na mstari wa ikweta, bahari ina matabaka. Juu kuna tabaka la maji ya vuguvugu yaliyopashwa na jua, nalo hushuka makumi kadhaa ya mita tu, na mahali pengine kupita mita 100. Chini yake maji hupoa upesi, na ukifika mita 300 utakuta joto limepungua kwa zaidi ya nyuzi 10. Bahari ya Hindi kwa wastani yapita mita 3,500 kwenda chini, na karibu yote hiyo ni baridi. Basi yale maji ya joto tuyaogayo ni kama malai yaliyotanda juu ya maziwa.

Jua la ikweta halibadiliki sana mwaka hata mwaka. Kama jua peke yake ndilo lenye amri, joto la uso wa bahari lingekuwa karibu sawasawa kila mwaka. Lakini halikai sawa. Mawingu yana sehemu yake katika jambo hilo, na mikondo ya maji ina yake; lakini mshiriki mkubwa ni upepo, naye hufanya kazi yake kwa njia tatu.

Njia ya kwanza kila mama wa nyumba aijua. Mtungi wa udongo ukiwekwa barazani mahali pa upepo, maji yake huwa baridi, kwa sababu unyevu utokao katika ngozi ya mtungi hugeuka mvuke, na kila mvuke uondokao huchukua sehemu ya joto. Bahari nayo ni hivyo hivyo. Upepo ukivuma kwa nguvu huondoa mvuke mwingi zaidi, na uso wa maji hupoa. Upepo ukilala, jua hupasha bila ya kipingamizi.

Njia ya pili ni kukoroga. Mawimbi na msukosuko wa upepo huyachanganya maji ya juu na yale ya chini yaliyo baridi, kama mwiko uchanganyavyo chunguni.

Njia ya tatu ndiyo yenye ajabu zaidi, nayo ni kusukuma. Upepo huyasogeza maji ya joto mbali, na mahali pake hupanda maji baridi kutoka chini.

Mtu wa Unguja au Mombasa aweza kuyaona mambo haya pwani kwake. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea, maji hufika nyuzi 29 hivi. Mwezi wa Agosti, baada ya miezi ya kusi kali, hushuka karibu na nyuzi 25. Ni kweli kwamba wakati huo jua limekwenda kaskazini, lakini kusi nayo imevukiza na kukoroga usiku na mchana.

Maji hayaendi uendako upepo

Baina ya mwaka 1893 na 1896 mpelelezi wa Norway, Fridtjof Nansen, aliiacha merikebu yake Fram igandwe katika barafu ya kaskazini ya dunia, apate kuchukuliwa nayo. Akaona jambo lililomshangaza: barafu haikwenda moja kwa moja uendako upepo, bali ilikwenda upande wa kulia kwake. Mwanachuoni wa Sweden, Vagn Walfrid Ekman, alilipigia hesabu jambo hilo na kuieleza sababu yake katika mwaka 1905. Dunia yazunguka, na kwa ajili ya mzunguko huo, maji yasukumwayo na upepo hupotoka. Kaskazini ya ikweta hupotoka kwenda kulia, na kusini ya ikweta hupotoka kwenda kushoto. Ukijumlisha maji yote ya tabaka la juu, mwendo wake huwa umekata pembe mraba na upepo.

Sasa, ndugu msomaji, itazame kusi kwa jicho hilo. Ivumapo kwetu, kusini ya ikweta, yaelekea kaskazini, na pwani iko kushoto kwake. Maji hupotoka kushoto, yaani huja kujaa pwani, na maji baridi ya chini hayapati nafasi ya kupanda. Kusi hiyo hiyo ikivuka ikweta na kupita kando ya Somalia kuelekea kaskazini mashariki, mambo hugeuka. Pwani bado iko kushoto, lakini sasa maji hupotoka kulia, yaani huikimbia pwani. Nafasi ibakiayo wazi hujazwa na maji baridi yapandayo kutoka chini.

Ndiyo sababu mwezi wa Julai, jua likiwa juu ya nchi za kaskazini na Arabuni kukiwaka moto, bahari ya karibu na Ras Hafun huko Somalia hushuka chini ya nyuzi 20. Upepo wenyewe una nguvu za kutosha kwa kazi hiyo. Katika mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye J. Findlater alieleza kwamba katika miezi hiyo kuna kama mto wa upepo upitao kasi, kiasi cha kilomita moja au moja na nusu juu ya bahari, ukivuka ikweta karibu na pwani ya Kenya, kupita Somalia na Bahari ya Arabuni, na kuelekea Bara Hindi na mvua zake. Hata leo wataalamu huuita kwa jina lake.

Maji hayo yapandayo yana chakula kingi cha viumbe vidogo vya baharini, na samaki huwafuata viumbe hao. Na jamaa zetu walioko Oman waijua faida nyingine. Huko Salalah, tangu mwisho wa Juni hata Septemba, ndio msimu wauitao khareef. Upepo wenye unyevu hupita juu ya maji baridi yaliyopanda karibu na pwani ya Dhofar, ukageuka ukungu na manyunyu, na milima ikavaa majani mabichi wakati sehemu nyingine za Bara Arabu zimekauka. Basi kijani ile yategemea ubaridi wa bahari, na ubaridi ule ni kazi ya kusi.

Hapo tumeona jinsi upepo unavyobadili joto la maji. Yatubakia kuona jinsi maji yanavyoujibu upepo.

Upepo na maji hujibizana

Hewa iliyo juu ya maji ya joto hupata joto na unyevu, ikawa nyepesi, ikapanda juu na kufanya mawingu. Maji yafikapo nyuzi 28 hivi, mawingu makubwa ya mvua husimama kwa wepesi. Juu ya maji baridi hewa ni nzito, hushuka, na mbingu huwa kavu. Na kwa kuwa hewa hutoka pale ilipo nzito kwenda pale ilipo nyepesi, upepo wa chini huvuma kutoka maji baridi kuelekea maji ya joto.

Jambo hili lilifahamika kwanza katika bahari kubwa kuliko zote, Pasifiki. Huko upepo wa mashariki huvuma karibu mwaka mzima, ukayasukuma maji ya joto hata yakalundikana upande wa Indonesia, ambako uso wa bahari huwa juu kwa kiasi cha nusu mita kuliko upande wa Amerika ya Kusini. Huku nyuma, Peru na Ecuador, maji baridi hupanda. Lakini kila baada ya miaka michache upepo ule hulegea. Maji ya joto hurudi mashariki, samaki wa Peru hupungua, na mvua za dunia hubadilika mahali pake. Wavuvi wa Peru waliiita hali hiyo El Niño, yaani Mtoto, kwa kuwa walizoea kuiona karibu na Krismasi. Katika mwaka 1969 Jacob Bjerknes alionyesha kwamba upepo na maji katika jambo hilo hujibizana: upepo dhaifu huacha maji ya mashariki yapate joto, na maji yakiisha pata joto huudhoofisha upepo zaidi. Kila mmoja humsukuma mwenziwe.

Tangu hapo watu wengi wa kwetu wameshika jina la El Niño, na kila mvua kubwa huitwa kwa jina hilo. Hapa ndipo tutakapo wasomaji wetu wasikilize vizuri, kwa sababu Pasifiki iko mbali nasi, na Bahari ya Hindi iko mlangoni.

Ncha mbili za bahari yetu

Katika mwaka 1999 wanachuoni wa Bara Hindi na Japani, Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata, walitangaza kwamba Bahari ya Hindi nayo ina mwendo wake wenyewe, wakauita daipoli, maana yake kitu chenye ncha mbili. Ncha moja ni upande wetu wa magharibi; ya pili ni upande wa Sumatra na Java.

Kwa kawaida ncha ya mashariki ndiyo yenye joto zaidi. Lakini katika miaka mingine, tangu Mei, Juni au Julai, upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu kupita desturi kando ya Java na Sumatra. Msomaji ataikumbuka kanuni ya Ekman: huko ni kusini ya ikweta, maji hupotoka kushoto, na kushoto kwa upepo ule ni bahari kuu. Maji ya joto huondoka pwani, na baridi ikapanda. Hewa ya pale ikawa nzito. Upepo kutoka mashariki kuja magharibi, juu ya mstari wa ikweta, ukaongezeka. Maji ya joto yakasukumwa kuja kwetu. Na kadiri mashariki ipoavyo na magharibi ipatavyo joto, ndivyo upepo uzidivyo. Ni mjibizano ule ule alioueleza Bjerknes. Hali hii hufika kilele chake baina ya Septemba na Novemba, na hukoma karibu na mwisho wa mwaka, pepo za msimu zigeukapo huko Sumatra.

Zingatia wakati huo. Kilele chake chakutana na vuli yetu. Maji ya joto yamejaa mlangoni pale pale pepo zinapogeuka ili kuleta mvua. Ndipo vuli huwa mafuriko.

Ushahidi uko wazi. Katika mwaka 1961 mvua za vuli zilimwagika Afrika ya Mashariki kwa wingi usio wa kawaida, na Ziwa Viktoria likapanda, hata kufika mwaka 1964 lilikuwa limeongezeka kiasi cha mita 2 na nusu. Wakati ule hapakuwa na El Niño. Baadaye sana wataalamu walipofungua kumbukumbu za joto zilizoandikwa na meli, waliona kwamba ncha ya mashariki ya Bahari ya Hindi ilikuwa imepoa na ya magharibi imepata joto. Katika mwaka 1997 daipoli na El Niño zilikuja pamoja. Kenya na Somalia zikafurika, homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo, na katika mwaka 1998, joto la bahari lilipozidi, matumbawe yakageuka meupe na kufa katika sehemu nyingi za magharibi ya Bahari ya Hindi. Katika mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na hali yake ya kawaida, lakini daipoli ikawa kali mno, hata tofauti ya ncha zake mbili ikafika nyuzi 2 hivi kupita desturi. Mito ikafurika tangu Ethiopia na Somalia hata Tanzania, na huko Australia, upande uliopoa, ukame ukasaidia moto kuteketeza misitu. Na katika mwaka 2023 zote mbili zilikutana tena, na Kenya na Somalia zikaingiwa na maji.

Mambo yaweza pia kuwa kinyume. Pengine upepo wa magharibi hupata nguvu juu ya ikweta, ukayapeleka maji ya joto Sumatra, na sisi tukabaki na maji yaliyopoa. Ilikuwa hivyo katika mwaka 2016 na 2022. Katika mwaka huo wa 2022 Pasifiki nayo ilikuwa kinyume cha El Niño kwa mwaka wa tatu mfululizo. Na baina ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano kwa kufuatana, ukame ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Ng'ombe na ngamia walikufa kwa mamilioni.

Tazama, basi. Nyuzi 2 za joto huonekana kuwa ni kitu kidogo. Lakini zikitandazwa juu ya bahari pana kama ile, huamua ni nani atakayevuna na ni nani atakayezika mifugo yake.

Na kuna jambo moja zaidi la kuongeza. Kati ya mwaka 1951 na 2015 uso wa Bahari ya Hindi ya nchi za joto uliongezeka joto kwa karibu nyuzi 1. Pepo za leo zafanya kazi yao ile ile, lakini juu ya maji yaliyo na joto kuliko yale waliyoyasafiria babu zetu.

Nani amempa habari mtu wa redio?

Sasa twaweza kumjibu mzee wetu kwa adabu. Mtu wa redio hakufunuliwa ghaibu. Kuna maboya yaliyotiwa nanga katika Pasifiki na Bahari ya Hindi, yapimayo upepo juu na joto chini. Kuna vyombo vinavyoelea karibu 4,000 katika bahari zote za dunia, ambavyo hushuka kiasi cha mita 2,000 na kupanda tena, vikileta habari za matabaka ya maji. Na kuna satelaiti zinazopima upepo kwa kuangalia jinsi unavyoukwaruza uso wa bahari. Upepo wa Java ukianza kuzidi mwezi wa Juni, huonekana. Maji yakianza kupoa mwezi wa Julai, hupimwa. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi zetu hukutana kabla ya misimu ya mvua, na kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya IGAD, kilichoko Nairobi, huwaongoza katika kuzilinganisha habari hizo. Kisha idara ya kila nchi huwatangazia watu wake. Hawasemi kwamba wanajua mvua itaanguka saa ngapi juu ya paa la fulani. Wasema kwamba dalili zimeonekana.

Na babu mwenyewe aliishi kwa dalili. Alipotazama wingu akapunguza tanga, hakudai kujua ghaibu. Alifanya lile limpasalo nahodha mwenye dhamana ya roho za watu. Waislamu huswali swala ya kuomba mvua, na mtu aliyeiswali harudi nyumbani akatoboa mtungi wake. Kumtegemea Mwenyezi Mungu na kuhamisha magunia si mambo mawili yagombanayo.

Lakini mjukuu naye ana somo lake. Tangazo la msimu ni kadirio. Likisema kwamba mvua kupita kiasi yatazamiwa kwa asilimia 60, maana yake ni kwamba katika miaka kumi iliyo kama huu, sita huenda ikawa na mvua nyingi, na minne isiwe hivyo. Mwaka mmoja likikosea, si dalili ya uongo. Tena ajue ya kwamba elimu hii yafaa zaidi kwa vuli. Masika haifuati joto la bahari kwa uwazi kama huo, na kuitabiri ni kazi ngumu zaidi. Na asiseme tena kwamba habari za pepo zimepitwa na wakati, kwani mtaalamu wa leo, kabla ya kusema neno lolote juu ya joto, huuliza kwanza swali la babu: upepo wavuma kutoka wapi?

Kwa hiyo twamshauri kijana wetu hivi. Kila mwaka, ifikapo Agosti na Septemba, sikilizeni tangazo la vuli, nyote pamoja, na mzee awepo. Sikilizeni inasemwaje juu ya Bahari ya Hindi, wala msingojee jina la El Niño peke yake. Ikisemwa kwamba upande wetu umepata joto na upande wa Sumatra umepoa, fanyeni mambo yasiyo na hasara hata mvua ikikosekana: zibueni mifereji, inueni nafaka juu ya dari au ipelekeni mlimani, chemsheni maji ya kunywa, tengenezeni vyandarua, na watoto wadogo wawe karibu na safari ya kwa shangazi yao. Ikisemwa kinyume chake, wekeni akiba ya maji, na mpande mtama au muhogo uvumiliao ukame pamoja na mahindi.

Ama baba yake kijana, tunajua ugumu aliokuwa nao. Kumheshimu mzazi ni wajibu, na kuwalinda watoto ni wajibu. Mwombe babu yako, mwanetu, siku moja akae nawe barazani akueleze jinsi kusi ilivyokuwa ikianza katika ujana wake, na wewe umsomee makala hii. Huenda akacheka kwamba imewachukua wanachuoni miaka mingi kuyafahamu mambo ambayo nusu yake aliyajua. Kisha muulize, kwa kuwa yeye ndiye nahodha wa nyumba ile: "Babu, dalili zikionekana, tutapunguza tanga lini?"

Wabillahi taufiq.